Kimya Kilichonunuliwa Al Barsha

Sogeeni karibu, jamaa zangu wa Al Twar na Al Barsha hapa Dubai, nanyi wengine wote mnaovaa sare za watu kutwa nzima. Habari hii ni yetu. Najua wapo watakaoisikiliza wakitikisa kichwa na kusema maskini Stephen, kana kwamba wao hawakuwepo ukumbini siku ile, kana kwamba hawakupiga makofi. Hao ndio nawataka wakae mbele.

Stephen alikuwa msimamizi wa walinzi kwenye jengo moja la ofisi Al Barsha. Mkewe, Mirriam, alikuwa mpishi na mlezi wa watoto kwa Madam Badriya huko Al Warqa, akilala huko huko juma zima. Jumapili alipewa ruhusa, akaja Al Twar alikopanga mumewe, kwenye chumba kilichokatwa katikati kwa ubao, upande wa pili akikaa mtu mwingine na redio yake. Lakini Jumapili ile nusu ya chumba ilikuwa nyumba kamili. Mirriam alisukuma chapati juu ya meza ya kupigia pasi, Stephen akaegemeza simu kwenye chupa ya mafuta ya kupikia, na mtoto wao Gibson, mwanafunzi wa darasa la pili, akatokea kwenye kioo na kitabu chake. Alikuwa akilelewa na mama yake Stephen kijijini Kyamalu, na kila Jumapili aliwasomea wazazi wake ukurasa mmoja, kisha akauliza kama wameona picha au akisogeze kitabu karibu. Hawakuwahi kumwambia kwamba akikisogeza ndipo hawaoni kitu.

Siku hiyo hakuumaliza ukurasa. Ulisikika mshindo huko nyumbani, picha ikatetemeka, na Gibson akaanza kukohoa. Alikohoa mpaka kitabu kikamtoka mkononi. Mkono wa susu, ndivyo wanavyomwita bibi kwao Ukambani, ukapita mbele ya simu ukiwa na kipumulio, halafu ikasikika pumzi ya mtoto ikipiga mluzi.

"Ni baruti ya kule juu," susu akasema alipokaa yeye mbele ya simu. "Madirisha nimefunga. Matambara ya maji nimeweka chini ya mlango. Vumbi linaingia tu, Stephen. Ugali tunakula na vumbi, chai tunakunywa na vumbi. Daktari alisema nini? Si alisema mtoto atolewe hapa?"

"Tunashughulikia, mwaitu," Stephen akamjibu mama yake.

Huko juu ya kijiji mlima ulipasuliwa kwa baruti, na kulikuwa na mtambo wa kusaga mawe yake kuwa kokoto. Mwenyewe hakuna aliyemjua. Ukiuliza uliambiwa ni kampuni, ukiuliza kampuni ya nani uliambiwa ya watu wakubwa, na malori yake mekundu yakaendelea kupita. Stephen na Mirriam walikuwa wamejinyima mwaka mzima wakiweka akiba ya kumpangia susu na mjukuu wake nyumba Machakos mjini, mbali na vumbi. Akiba hiyo ilikuwa imetosha. Kilichobaki kilikuwa kuituma tu.

"Tutume leo," Mirriam akasema simu ilipokatwa. Chapati iliyokuwa jikoni ilikuwa imeungua upande mmoja na hakuna aliyeigeuza.

Stephen akakohoa kidogo, kikohozi cha mtu anayejiandaa kuhutubia. "Mama Gibson, hebu tufikirie kwa mapana. Tukihama sisi, je, wale wengine wa Kyamalu? Kinara wa chama anakuja mwezi ujao. Mimi ni mwenyekiti wa tawi. Nikimweleza neno moja, mtambo unafungwa. Simu moja tu."

Hapo sasa ndipo ninapotaka mniangalie usoni. Mtu huyu alikuwa na mtoto anayekosa pumzi, na dawa yake ilikuwa benki. Yeye akawa anafikiria kwa mapana.

Uenyekiti wenyewe niwaeleze. Chama chao kiliitwa Jembe Jipya. Tawi lake la Dubai liliundwa saluni kwa Judy, kati ya mashine mbili za kukaushia nywele, na Stephen akapewa ukubwa kwa sababu ndiye aliyekuwa na suti. Tangu siku hiyo alibadilika. Alianza kuitwa mheshimiwa mwenyekiti, kwanza kwa mzaha, baadaye akawa haitiki akiitwa vingine. Alijifunza kushika tumbo anapocheka, na kuanza kila hotuba kwa "itifaki imezingatiwa". Kofia ya kijani ya chama aliivaa hata akienda kufua.

Mirriam aliyaona haya na akayavumilia, kwa kuwa kila kiongozi wa chama alipohutubia kwa simu aliahidi jambo lile lile: migodi na mitambo inayoua vijiji itafungwa. Kwa mtu mwenye mtoto Kyamalu, ahadi hiyo haikuwa siasa. Akakubali kungoja huo mwezi mmoja. Aliniambia mwenyewe kwamba huo ndio mwezi anaoujutia kuliko yote aliyoishi.

Kinara wa chama akaja kufanya harambee, kuchangisha pesa za kampeni. Kwa nini harambee ya chama cha Kenya ifanyiwe Al Barsha? Stephen aliamini ni kwa heshima ya watu wa ughaibuni. Ukweli ni kwamba wakubwa hupenda kupeana mikono mbali na macho ya nyumbani, na sisi tulikuwa pazia lao. Kukusanya michango ya siasa hapa bila kibali ni kosa, na Stephen, mlinzi wa kazi, alilijua hilo vizuri kuliko wote. Basi Judy akakodi ukumbi wa hoteli kwa jina la sherehe ya kuzaliwa. Keki ya ghorofa tatu ikaletwa, imeandikwa heri ya kuzaliwa, bila jina la mtu. Tukaizunguka keki hiyo watu wazima zaidi ya mia, na hakuna aliyeona aibu.

Mchana, kabla ya shughuli, Stephen aliitwa chumbani kwa Kinara kumweleza ataongea nini. Alieleza yote. Alieleza mtambo, baruti, matambara ya maji, kipumulio cha mwanawe. Kinara alimsikiliza akila zabibu, akamshika bega.

"Mwenyekiti, hilo jambo ni zito sana. Tumekupa dakika tano. Uongee kutoka moyoni."

Stephen alirudi kwa mkewe ukumbini akiwa ameng'aa. "Ananijua kwa jina," alisema. "Na ile akiba yetu nimeiingiza kwenye mchango. Usinikasirikie. Mwenyekiti hawezi kusimama mbele ya watu mikono mitupu, atasikilizwa na nani?"

Watu walikuwa wakiingia na meza zilikuwa zikijaa. "Akiba ya Gibson?" Mirriam aliuliza.

"Hii ndiyo ya Gibson. Tunamaliza tatizo lenyewe, si kulikimbia."

Mirriam alikwenda kukaa meza ya nyuma na Abdulbasit, Mmombasa mmoja mwuza vipuri vya magari, aliyealikwa kwa kuwa pilau ilitoka kwake. Tangu hapo alishika mkoba wake kwa mikono miwili.

Kwenye meza kuu, mkono wa kulia wa Kinara, alikaa mwanamume mnene mwenye sauti ya chini. Hakuvaa kofia ya chama. Wanaotoa pesa nyingi hawavai kofia, kofia ni zetu sisi wa mia mia. Kinara aliposimama alimtambulisha kwanza yeye, kabla hata ya kutusalimu sisi.

"Huyu ni Bwana Harrison. Ndege iliyonileta ni yeye. Mabango mtakayoyaona nyumbani ni yeye. Na tukiingia serikalini, kampuni yake ya kokoto ndiyo itakayotuwekea lami kutoka barabara kuu mpaka Kyamalu. Mwenyekiti wenu anatoka huko, simama tukuone, mwenyekiti."

Stephen akasimama. Alisikia kokoto, alisikia Kyamalu, na ubongo wake, ambao si mbovu, ukaweka mbili pamoja. Alimwona mwenye malori mekundu, uso kwa uso, anakunywa maji ya chupa. Lakini ukumbi mzima ulikuwa ukishangilia lami, na mikono yake, ile mikono iliyozoea, ikapiga makofi.

Halafu Judy, aliyekuwa mshereheshaji, akachukua kipaza sauti. "Sasa tutamsikia mwenyekiti wetu kwa dakika tano! Lakini mnajua harambee bila mchezo hainogi."

Mchezo huo mnaujua. Mtu anasimama anasema, natoa hamsini fulani aimbe. Mwenzake anasema, natoa mia asiimbe. Aliyetoa zaidi ndiye anayefuatwa, watu wanacheka, na kikapu kinajaa. Makanisani kwetu tumejenga madarasa kwa mchezo huo, tukiwachezesha wachungaji na kuwanyamazisha wake zao, na hakuna aliyeumia.

Bwana Harrison aliinua kidole, hakusimama. Judy akamwinamia, kisha akacheka kwenye kipaza sauti. "Mkubwa anasema anatoa elfu kumi, dirhamu, mwenyekiti akae chini anyamaze, tukate keki!"

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Stephen naye akacheka, tumbo akalishika. Alimtazama Kinara ili Kinara aseme hapana, huyu ana jambo zito. Kinara alikuwa akipangusa miwani.

Nyuma kabisa, Mirriam akasimama. "Natoa mia tano," alisema, "aongee." Zilikuwa pesa zake zote za mwezi, na alizitoa mkobani pale pale. Watu wakageuka wakaona ni mke wa mwenyekiti, wakacheka zaidi, wakadhani ni sehemu ya mchezo.

"Mama Gibson ameingia uwanjani!" Judy akapaza sauti. "Nani anaongeza?"

Abdulbasit akamtazama Mirriam usoni, na yeye peke yake hakucheka. "Elfu moja, aseme," alisema. "Mwacheni mtu aseme, jama. Mbona mwamfanyia hivyo?"

Wakaanza wengine. Walinzi wakatoa, wasichana wa hoteli wakatoa, fundi mmoja wa viyoyozi akatoa nauli yake ya kurudi Sharjah. Wengi hawakujua kuna nini, waliona mama mmoja amesimama na pesa mkononi na wakataka ashinde. Walijitahidi wakazifikia zile elfu kumi, wakazipita kidogo. Ukumbi ukageukia meza kuu.

Bwana Harrison akainua vidole viwili. Elfu ishirini.

Kulikuwa na mluzi, kisha makofi, makubwa kuliko yote ya siku hiyo. Na sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo ninapotaka kutema mate. Stephen aliona fahari. Kati ya hofu na aibu, kifua kilimpanda kwa kufikiri kwamba hakuna mtu wa Dubai aliyewahi kunyamazishwa kwa bei ile. Aliinama kwa heshima kuelekea meza kuu, akakaa. Wakakata keki. Kinara mwenyewe ndiye aliyemlisha kipande cha kwanza, na picha ikapigwa.

Wakati wa kutoka, Abdulbasit alimkuta Stephen karibu na lifti. "Bwana Stephen, mie ni mfanyabiashara tangu utotoni, lakini biashara hii sijapata kuiona. Pesa za kukunyamazisha zimeingia kikapu cha chama. Pesa zetu za kukufanya useme, nazo zimeingia kikapu kile kile. Sasa aliyeshinda ni nani hapo?"

"Ulikuwa mchezo tu, Abdulbasit. Kinara ananijua. Nitamweleza faragha."

"Haya. Inshallah," Abdulbasit akasema, kwa sauti ya mtu asiyetarajia.

Likizo yake ya mwaka Stephen hakwenda kukaa na mwanawe. Alikwenda kampeni. Alizunguka na msafara wa Kinara akigawa kofia, na watu wakabebwa kwenda mikutanoni na malori mekundu, yeye akiwa mbele pamoja na dereva. Kyamalu alifika siku moja, akanywa chai, akamvisha Gibson kofia ya kijani iliyomfunika macho, akaondoka. Kwenye hotuba za Kinara ile ahadi ya kufunga mitambo haikusikika tena. Mahali pake kulikuwa na lami. Lami, lami, lami, na wananchi wakiitikia kama watoto wa chekechea.

Jembe Jipya likashinda. Mtambo wa Kyamalu ukaongezewa muda wa leseni, na ukaletwa wa pili kuusaidia, kwa kuwa barabara ilihitaji kokoto nyingi. Mlima wa watu wa Kyamalu ulisagwa ukamwagwa chini ili wawe na njia ya kupita, wakishukuru. Stephen alipiga simu kwa Kinara siku nyingi, mpaka siku moja ikapokelewa.

"Mheshimiwa, ni mimi, mwenyekiti wa Dubai. Lile jambo la mtambo. Mwanangu hali yake..."

"Stephen, ndugu yangu," Kinara akasema, bila hasira yoyote. "Ile hoja si iliuzwa pale Al Barsha? Mbele ya watu wote. Ukainama, ukakaa. Mkubwa alilipa, na wewe ukapokea makofi. Sasa unataka nimwambie nini?"

Akiba nyingine walikuwa wameanza kuiweka, na ilikuwa bado ndogo. Kiangazi kilipokaza, upepo ukageukia kijijini. Ilikuwa asubuhi, Stephen akiwa mlangoni pa jengo lake akikagua vitambulisho, susu alipopiga simu. Alikuwa amempakia Gibson kwenye bodaboda kumkimbiza hospitali, kwenye ile barabara mpya. Kipumulio kiliisha njiani. Walipofika, daktari hakuhitajika tena.

Madam Badriya alimkuta Mirriam ameketi kwenye sakafu ya jiko, sufuria ikichemka hadi ikakauka. Alizima moto mwenyewe. Alipoelewa, alikwenda chumbani akarudi na pasi ya kusafiria ya Mirriam na pesa. "Yalla, Mirriam, inuka. Dereva anakupeleka leo leo. Kazi khalas, acha kila kitu. Utarudi ukitaka, na usipotaka pia sawa," alisema, na yeye akilia.

Stephen hakupewa ruhusa. Meneja alimweleza kwa upole kwamba likizo yake ya mwaka ilishachukuliwa, na akimpa nyingine wenzake watalalamika. Akitaka kwenda, na aende moja kwa moja. Stephen alilifikiria deni la viza na kodi ya chumba, akabaki. Alimsindikiza mkewe uwanja wa ndege akiwa bado na sare. Mirriam hakumtukana, na ingekuwa nafuu kama angemtukana.

"Siku ile nilitoa pesa ili uongee," alimwambia tu. "Mimi nami nilikuwa mjinga. Niliposimama pale nikiwa nimeshikilia pesa, mdomo nilikuwa nao. Ningesema tu. Nani angenishika?"

Maziko Stephen aliyatazama kwa simu, amesimama mlango wa nyuma wa jengo wanakopokelea mizigo, jirani yake mmoja wa Kyamalu akimshikia simu huko. Aliona hema, aliona sanduku dogo, aliona susu ameshikwa na wanawake wawili. Halafu akasikia injini, na watu wakasogea kupisha lori jekundu lenye bendera ya kijani.

Mshereheshaji wa msiba, kijana wa chama, akachukua kipaza sauti. "Ndugu waombolezaji, kabla hatujaendelea. Bwana Harrison ameguswa. Ametuma lori zima la kokoto, bure, tumjengee mtoto wetu kaburi zuri. Na mwakilishi wake anaomba dakika mbili za kuongea. Makofi kwa mkubwa, jamani, hata kama ni msiba."

Na wapo waliopiga. Msinitazame hivyo, wapo.

Mirriam akatokea kwenye picha. Alitembea mpaka kwa kijana, akakichukua kipaza sauti mkononi mwake kama mtu anayemnyang'anya mtoto kisu. Hakuomba nafasi, na hakuna aliyethubutu kumwambia atoe kitu kwanza.

"Rudisha hilo lori," alimwambia dereva. "Mwanangu amekula kokoto ya kutosha."

Ndipo Mirriam alipousema mtambo. Aliisema baruti, matambara ya maji, mkutano wa Al Barsha, keki isiyo na jina, na vidole viwili vya Bwana Harrison. Aliwataja kwa majina mbele ya mwakilishi wao, ambaye alianza kutafuta gari lake kwa macho. Dereva akawasha injini, akarudi nyuma taratibu mpaka barabarani. Hakuna aliyepiga makofi safari hii, na wazee kadhaa walivua kofia za kijani wakazishika nyuma ya migongo.

Alipomaliza, Mirriam alimwendea yule jirani mwenye simu. Uso wake ukajaa kwenye kioo cha Stephen. "Baba Gibson, ongea na wewe," alisema. "Mtoto ni wako pia." Akaiweka simu kwenye kipaza sauti.

Sasa alikuwa na dakika tano zake, na zaidi ya tano kama angezitaka. Watu wa kwao wote walikuwa wakimsikiliza na hakuna aliyelipa hata senti ili anyamaze. Stephen alivuta pumzi pale mlangoni kwa mizigo. Akafungua kinywa, na mdomo wake ukatoa kile ulichokuwa umefundishwa kutoa.

"Itifaki imezingatiwa," alisema.

Sauti yake ilipita kwenye spika zote za Kyamalu, juu ya lile sanduku dogo. Alijisikia mwenyewe. Alijaribu kuanza upya na hakuweza, akabaki analia kwa sauti ya mbwa aliyefungiwa nje, na wote wakamsikia. Mirriam alingoja kidogo. Kisha akaiondoa simu kwenye kipaza sauti, akamrudishia jirani, akaenda kumwaga udongo.

FUNZO

Jamaa zangu, chama hakiendeshwi kwa upepo. Kinahitaji mafuta, mabango na kumbi, na mtu kuchangia chama chake si dhambi. Dhambi ni kushangilia bila kuuliza nani mwingine ametia mkono kikapuni, ametia ngapi, na anataka nini akishatia. Anayelipia ndege ya Kinara hakulipa kwa kupenda mawingu. Ukiona chama hakitaki kusema pesa zake zimetoka wapi, jua kwamba jibu lipo, na kwamba likisemwa utavua kofia.

Nanyi mnaopenda kuitwa wenyeviti na waratibu, jichungeni na makofi. Stephen hakupewa hata senti moja ya zile pesa. Alinyamaza bure, kwa kipande cha keki, na juu yake akawalipa wao akiba ya mwanawe. Anayetaka kusaidia nyumbani na aanze na yule aliye kitandani anakohoa, kisha ndipo aende mkutanoni.

Na siku ukiwa na neno la kusema, usingoje nafasi iuzwe, wala usitoe pesa ili uinunue. Simama useme. Mirriam alilisema lake bure na lori likageuka, ila lilikuwa limekwisha kuja na kokoto za kaburi. Lisemeni lenu mtoto akiwa bado anawasomea kitabu.